Hakuna Aliyekula Pesa za Baba

Nilimwita Mama Mdogo mwizi mbele ya wazee, naye hakuwa ameiba hata kijiko. Hilo ndilo kosa ninaloliungama. Yako mengine yaliyolitangulia na mengine yaliyolifuata, na hayo yaliyofuata ni mabaya zaidi kwa sababu niliyafanya nikiwa nimetulia, kalamu mkononi. Lakini watu wa Longonot wanalijua hilo la kwanza tu. Kuna waliohamia Mai Mahiu na Naivasha wakaenda nalo jinsi nilivyolisema mimi, basi na haya nayo waende nayo.

Mama Mdogo ni mke ambaye baba alimleta nyumbani miaka kadhaa baada ya mama yetu kufariki. Sisi watoto tulikuwa wakubwa tayari. Dada yangu amekwisha kuolewa, mimi nimeshaanza kazi ya ukarani wa ghala katika shamba moja la maua kandokando ya ziwa Naivasha. Hatukugombana naye. Hatukumzoea pia. Alipika, akalima, akamuuguza baba kisukari kilipomshika, nasi tulikuja Krismasi, tukala, tukaondoka.

Baba alikuwa mtu wa kituo cha setilaiti. Ukishuka eskapmenti kuelekea Mai Mahiu unayaona yale masahani makubwa meupe upande wa Mount Margaret, yameelekezwa juu kana kwamba yanangoja mvua. Kituo kilifunguliwa 1970, na kwa miaka mingi simu ya Kenya kwenda ng'ambo ilipandia pale. Baba hakuwa mhandisi. Alitunza majenereta, na alijivuna kwamba Rais akizungumza na London umeme ukapotea, ni yeye wa kulaumiwa. Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa 1999 likawa Telkom, Posta na tume ya mawasiliano, alibaki upande wa simu miaka michache, kisha akastaafu mapema. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, tayari alikuwa nyumbani akifuga mbuzi.

Katika miaka ya 1980 ajenti wa bima walikuwa wakifika kituoni mwisho wa mwezi. Walizijua tarehe za mshahara kuliko wenye mshahara. Mfanyakazi hakutakiwa kutoa hata senti mfukoni. Alitia sahihi fomu, na kuanzia mwezi uliofuata makato yalitokea kwenye hati ya mshahara, kati ya ushirika na kodi ya nyumba. Bima waliyouziwa wengi ilikuwa ya maisha na akiba kwa pamoja. Unakatwa kwa muda uliokubaliwa, tuseme miaka 25. Ukifa kabla ya muda kwisha, analipwa yule uliyemwandikisha. Ukiufikia mwisho ukiwa hai, unalipwa wewe mwenyewe. Baba alichukua ya shilingi laki moja mwaka 1986, wakati dola moja ilikuwa takriban shilingi 16 na laki moja kwa mtunza majenereta ilikuwa shamba na ng'ombe juu yake.

Hayo yote nimeyajua juzi. Alipokuwa hai baba alisema jambo moja tu, tena mara nyingi, hasa akiwa amekasirishwa na mmoja wetu: "Nikiondoka hamtahangaika. Kuna kitu nimekiweka." Hakuna aliyemuuliza kitu gani. Kwetu kumuuliza mzazi amekuachia nini ni kama kumuuliza atakufa lini.

Alifariki 2012. Tulimzika Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada niliingia chumbani kwake kupanga vitu. Mimi ndiye kifungua mimba, na kazi yangu ni karatasi. Nilijiona ndiye anayefaa. Palikuwa na bahasha za kaki zimejaa pomoni. Nilitoa hati ya shamba, kitambulisho, kadi ya hospitali, vyeti vya ushirika. Kilichobaki kilikuwa furushi la hati za mshahara, zile za karatasi nyembamba zenye wino wa mashine uliofifia, zimefungwa kwa uzi wa gunia mwaka kwa mwaka. Nilizipekua mbili tatu. Niliona tarakimu za zamani, mshahara wa kuchekesha. Nikazitia kwenye pipa pamoja na magazeti na viatu vilivyokwisha, nikawasha. Kazini huwa siruhusu hata risiti ya misumari itupwe kabla ya miaka saba. Nyumbani kwa baba nilichoma miaka yake thelathini ya kazi kabla chai haijapoa.

Ndani ya karatasi zile lilikuwamo jina la kampuni na namba ya bima, zimechapwa mwezi baada ya mwezi.

Wiki ile ile Baba Mkubwa akauliza: na kile kitu alichosema amekiweka? Mmoja wa waliofanya kazi na baba akakumbuka bima. Tukatafuta hati yake chumbani, chini ya godoro, nyuma ya picha ya harusi ya mama, mpaka kwenye stoo ya mahindi. Hakuna. Mwingine akasema tusijisumbue, bima za watu wa mashirika zilikufa na Kenya National. Hilo halikuwa wazo la kijinga: Kenya National Assurance, iliyoanzishwa na serikali 1964, iliporomoka 1996, na mpaka leo kuna wastaafu wanaodhani kila bima ya enzi zile ilizikwa pale, ingawa hata bima zake za maisha zilihamishiwa kampuni iliyoundwa kuzirithi. Lakini mimi sikutaka jibu la aina hiyo. Nilitaka jibu lenye sura ya mtu.

Tuliketi chini ya hema la matanga ambalo mwenye kukodisha alikuwa bado hajalifuata. Wazee saba au wanane, Baba Mkubwa katikati, dada yangu kando. Mama Mdogo alikuwa akizunguka na birika. Nikasema, kwa sauti ambayo nilihakikisha inamfikia, kwamba aliyekuwa na funguo za chumba ni mmoja, aliyekuwa peke yake na marehemu siku za mwisho ni mmoja, na kama karatasi imepotea basi kuna mahali imepelekwa na kuna pesa zimekwisha kuliwa. Alikuwa akimmiminia chai mzee mmoja wa kanisa. Alimaliza kummiminia. Akaweka birika chini, akasema, "Mimi sijui Kiingereza. Hiyo karatasi ningeiba nikaisome na nani?"

Watu walicheka kidogo, kwa aibu, nami nikakasirika zaidi kwa sababu lilikuwa swali zuri. Nikamwambia mwizi hahitaji kusoma, anahitaji mjanja wa kumsomea. Hapo ndipo neno lilipotoka, na likisha kutoka mbele ya wazee halirudi. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amerudi kwao Kinangop na magunia mawili ya vitu vyake. Hakuna aliyemfukuza, tulipenda kusema hivyo. Hakufukuzwa, aliondoka mwenyewe.

Lililofuata ni la ofisini. Ili kurithi shamba tulihitaji barua ya chifu inayotaja warithi. Chifu huandika anachoambiwa na familia, na familia ilikuwa mimi na Baba Mkubwa. Tulimwambia marehemu aliacha watoto, mke wake alitangulia. Maneno hayo yalikuwa kweli kama ukiyatazama kwa jicho moja. Baba Mkubwa alikuwa na hoja yake: mbuzi walipelekwa, ndiyo, sehemu ya mahari ilitolewa, lakini ngurario, ile sherehe ya kukamilisha ndoa, haikufanywa, na bila ngurario Mkikuyu hajaoa. Nilimshukuru kwa hoja hiyo. Niliibeba mpaka mahakamani Naivasha, nikaapa kwenye hati ya kiapo kwamba warithi ni hawa tu. Tangazo likatoka kwenye gazeti rasmi la serikali, siku 30 zikapita bila pingamizi. Nani angepinga? Mama Mdogo alikuwa Kinangop akichambua viazi, na gazeti rasmi haliuzwi sokoni Njabini. Baadaye usimamizi ukathibitishwa, shamba likagawanywa, nikalala usingizi.

Miaka kumi ilipita hivyo. Tukisimuliwa habari ya mwanamke yeyote aliyekula mali ya marehemu, nami nilikuwa na yangu ya kuchangia.

Aliyeifukua habari ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, bila nia yoyote. Alikuwa amesikia kuhusu Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, ile wengi tunayoiita UFAA. Iliundwa kwa sheria ya 2011, na kazi yake ni kupokea pesa ambazo mabenki, makampuni ya bima, ya simu na ya hisa yanazo mkononi na wenyewe hawajatokea: akaunti zilizolala, gawio ambalo hundi yake haikuwekwa, salio la simu la mtu aliyekufa, bima iliyoiva ikakosa wa kuichukua. Kampuni ya bima, pesa zikikaa miaka miwili tangu zilipostahili kulipwa, hutakiwa kuzipeleka huko. Haziwi za serikali. Zinashikiliwa kwa niaba ya mwenyewe au warithi wake, na kuulizia hakutozwi. Binti alibonyeza *361# akatafuta namba yake, hakuna. Ya mama yake, hakuna. Akaomba namba ya kitambulisho cha babu, kwa mzaha, nami nikamsomea.

Pakawa na kitu.

Nilifikiri ni salio la akaunti ya benki. Nilipofuatilia nikaambiwa chanzo ni kampuni ya bima, jina ambalo sikulitambua kwa sababu ile iliyomwandikisha baba ilikuwa imekwisha kuungana na nyingine na kubadilisha jina. Nikaenda kwenye kampuni yenyewe Nairobi. Karani wa idara ya madai, kijana mpole ambaye huenda alikuwa hajazaliwa mwaka 1986, alinigeuzia kioo cha kompyuta. Majina ya baba yalikuwa yamepinduliwa, la ukoo likianza, na la ubatizo limekosewa herufi moja. Makato yalikoma mwezi alioacha kazi. Hapo nilidhani bima nayo ilikoma, lakini sivyo. Bima ya namna ile ikishalipiwa vya kutosha, kwa kawaida miaka mitatu, haifi ukiacha kulipa. Inapunguzwa tu, ibaki ya kiasi kidogo kinacholingana na ulichokwisha kulipa, na ingoje siku yake. Ya baba iliiva 2011. Barua ya kumwita achukue pesa zake ilitumwa kwenye sanduku la posta aliloliandikisha, nalo lilikuwa sanduku la kazini. Wakati huo hapakuwa na mtu wa kumpelekea barua mtunza majenereta aliyekwisha kustaafu.

Kwa hiyo mwaka ule aliokuwa akiugua, akitukopa pesa za dawa kwa haya, alikuwa na pesa zake mwenyewe zikimsubiri. Na siku nilipokuwa nikimwita mke wake mwizi chini ya hema, pesa zote zilikuwa Nairobi, hazijaguswa na mtu.

Nilimuuliza yule karani: na ile hati? Kwani mtu hawezi kuja nayo akachukua? Akanitazama kwa huruma. Hati ni nakala ya mteja tu, akasema. Mkataba uko kwenye daftari la kampuni. Ikipotea, mwenye bima huleta ripoti ya polisi na kiapo cha kupotelewa, anaandikiwa nyingine. Na ikiokotwa, aliyeiokota hapati kitu, kwa sababu analipwa aliyetajwa na kitambulisho chake. Karatasi niliyopekulia godoro la mwanamke mgonjwa wa uchungu, hata angekuwa nayo, isingemfaa zaidi ya kufungia sukari.

Nasema hili kwa kirefu kwa sababu naona familia nyingi zikifanya niliyoyafanya. Tunatafuta karatasi, na tukiikosa tunatafuta mwizi. Bima huacha nyayo zake kwingine. Iko kwenye hati za mshahara, kama za baba, kabla hazijachomwa. Iko kwenye taarifa za benki, malipo yale yale tarehe ile ile kila mwezi. Iko kwenye ripoti za kodi za KRA, maana mwenye bima ya maisha hupunguziwa kodi kwa asilimia 15 ya alicholipa, hadi shilingi 60,000 kwa mwaka, na ili apunguziwe lazima aitaje kampuni. Iko kwa mwajiri, ambaye huenda aliwawekea wafanyakazi bima ya kundi ambayo hata wao hawakuijua. Iko kwenye ushirika, ambako mkopo wa marehemu mara nyingi umekatiwa bima na familia inaendelea kuulipa bila kujua. Marekani wadhibiti wa bima wa majimbo walifungua mwaka 2016 huduma ambayo mrithi huandika jina la marehemu mara moja tu, na makampuni yenyewe yanapekua daftari zao. Sisi bado tunabisha hodi mlango kwa mlango, isipokuwa pesa ziwe zimekwisha kufika UFAA, na ukibisha inakubidi ubishe kwa kila namna ambayo jina la mzee wako lingeweza kukosewa.

Sasa nirudi kwenye ubaya wangu, maana haukuishia hapo.

Kwenye kompyuta ya karani niliona jina la mama yetu, ndiye baba aliyemwandikisha mwaka 1986. Moyo ukaruka. Nikajisemea: hizi ni za mama, na mama ana watoto, basi ni zetu, Mama Mdogo haingii. Nilitoka pale nimepata pesa na nimepata udhuru kwa pamoja. Nilijaza fomu ya madai nyumbani usiku, nikaambatanisha cheti cha kifo na ile hati ya usimamizi wa mirathi niliyoipata kwa kiapo changu, ile isiyokuwa na jina lake. Dada yangu nilimwambia atie sahihi. Alisoma mpaka mwisho, akaniuliza kama hili silo jambo tulilomfukuzia Mama Mdogo. Nikamjibu hatukumfukuza. Hakutia sahihi.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo nilipozinduka. Nilichofanya ni kwenda kwa wakili wa Naivasha nikiwa na nia ya kumshinda dada yangu. Wakili alinieleza mambo mawili. La kwanza, mali hii haikuwa kwenye orodha iliyothibitishwa na mahakama, kwa hiyo nilipaswa kurudi mahakamani kuiongeza, nitake nisitake. La pili lilinikata maini. Yule anayeandikishwa hulipwa mwenye bima akifa kabla ya muda kwisha. Baba aliufikisha muda akiwa hai. Tangu siku ile ya 2011 pesa zilikuwa zake mwenyewe, kama mbuzi wake na shamba lake, na mali ya marehemu hurithiwa na warithi wake wote. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Aliacha mjane?"

Nikamweleza kuhusu ngurario. Alisikiliza, akanionyesha kifungu cha sheria ya urithi kinachomtambua mke wa kimila katika mambo ya mirathi, na kingine, cha 76, kinachoruhusu mahakama kubatilisha usimamizi uliopatikana kwa kuficha jambo muhimu. "Huenda angeshinda, huenda angeshindwa," akasema. "Lakini lilikuwa suala la hakimu kulisikiliza. Wewe ulilimaliza kwa kunyamaza."

Ndiyo maana nilipanda matatu kwenda Kinangop. Si kwa uchaji Mungu. Nilikwenda kwa sababu njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa, na aliyezifunga mmoja ni dada yangu na wa pili ni sheria.

Nilimkuta kwa kaka yake, kwenye banda la viazi, wanawake wanne wakichambua. Viazi vya kuuza Nairobi upande huu, vya mbegu upande ule, vilivyokatwa na jembe vya kula nyumbani. Alinitambua kabla sijavua kofia, lakini hakuacha kazi. Alinisogezea debe nikalie. Nilijua kwamba nikianza na habari za shamba na afya sitafika, nikasema papo hapo: "Mama, nilikusingizia. Pesa za baba hazikuliwa na mtu. Ziko." Nikamweleza sanduku la posta, makato, pipa nililowasha moto. Alikuwa ameshika kiazi kimoja muda wote huo, akikisugua udongo kwa kidole gumba.

Hakuuliza ni pesa ngapi. Aliuliza, "Wale wazee wako hai?"

Nikamwambia wengi wako.

"Basi kawaambie hao. Mimi nilikuwa najua tayari."

Nikasema nitafanya hivyo, na kwamba kuna karatasi za mahakama anazopaswa kutia sahihi ili aingizwe. Akasema karatasi zitakuja baada ya wazee. Alipoona nataka kusema zaidi, aliniita kwa jina langu la utotoni, ambalo sikujua kama analijua, akanifungashia viazi vya nyumbani kwenye mfuko, vile vilivyokatwa na jembe. Sijui kama alikusudia chochote kwa kuchagua vile. Huenda ndivyo vilivyokuwa karibu.

Kikao kilifanyika kwa Baba Mkubwa. Nilisimama nikasema kama nilivyosema hapa, pamoja na habari ya pipa na kiapo. Yule mzee wa kanisa aliyemiminiwa chai siku ile alikuwepo. Alisema alikuwa amejiuliza muda mrefu kwa nini mkono wa mwizi haukutetemeka. Hakulisema wakati ule, na simlaumu, kwa sababu na mimi nisingependa alaumiwe asiyesema wakati nipo mimi niliyesema. Mama Mdogo alihudhuria na kaka yake. Hakuzungumza, isipokuwa kukataa kiti nilichompa na kuchukua kingine.

Mahakamani tuliomba kwa makubaliano usimamizi wa zamani ubatilishwe na mwingine utolewe, mimi na yeye wasimamizi wa pamoja. Tangazo upya, kungoja upya. Nimetumia nauli na ada ya wakili ambazo ukizipiga hesabu zinakaribia kuumeza mgao wangu, na sioni pa kulalamika. Pesa zenyewe, pamoja na faida iliyoongezwa miaka yote hiyo, hazikufika laki moja na nusu. Laki moja ya 1986 ingewanunulia kijana na ukoo wake maisha. Hii ilimnunulia Mama Mdogo ng'ombe mmoja wa maziwa na kuezeka upya nyumba aliyojengewa na kaka yake. Shamba ndilo lililokuwa zito. Sehemu yake tumeipima, beconi zimewekwa, na ameikodisha kwa jirani anayelima maharage. Hajarudi kuishi Longonot, na nikimpigia simu hupokea, hujibu niliyoyauliza, halafu hukata.

Baba Mkubwa hajashawishika. Alisikiliza kikao chote, akaona nakala za hundi, akaona barua ya kampuni yenye tarehe. Siku chache baadaye nilimkuta dukani akimweleza dereva wa lori la mchanga kwamba zile zilizopatikana ni za bima ndogo, ya kazini, kila mtu alikuwa nayo. Ile kubwa, aliyokuwa akiitaja marehemu, ilikuwa nyingine, na hiyo ililiwa. Nilimkatiza, nikamwambia bima ilikuwa moja, nimeona daftari kwa macho yangu. Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyehongwa peremende.

"Wewe mwenyewe ndiwe uliyetuambia," akasema.